Siku moja maishani mwangu: muuguzi katika kambi ya kipindupindu

Saa 1:00 asubuhi. Buti zinapuliziwa klorini mlangoni, nanawa, napokea zamu. Mwenzangu wa usiku ananikabidhi karatasi za maji: nani kaingiza kiasi gani, nani kapoteza kiasi gani. Ndoo inayokinga choo chini ya kila kitanda chenye tundu ndiyo inayotuongoza.

Saa 2:20. Bajaji inamleta mama mmoja, amepakatwa na kijana wake. Mama alianza kuharisha alfajiri tu. Macho yameingia ndani, sauti imekauka, ngozi ya tumbo nikiifinya inabaki imesimama. Mapigo ya mkononi siyapati. Tunamkadiria kilo 50, tunaweka kanula mbili, vijirija vya mshipani, na kufungulia dripu ya Ringer, maji yenye chumvi: mililita 1,500 kwa nusu saa, kisha 3,500 kwa saa mbili na nusu.

Saa 3 hivi mapigo yanarudi. Anafumbua macho, anaomba maji. Sijawahi kuizoea furaha hii.

Saa 4:30. Yule kijana wake ananivuta pembeni: "Nesi, mbona hamumpi mama dawa ya kufunga tumbo?"

Swali hili huwa silipiti juu juu. Bakteria wa kipindupindu hawaingii ndani ya seli wala hawaipasui. Wanajishikiza kwenye utumbo mwembamba na kutoa sumu yenye vipande vitano vya kunasia na kimoja cha kudhuru. Hicho kimoja kinapenya na kuikwamisha protini ambayo kwa kawaida huwaka na kuzima. Sasa haizimi tena. Milango ya kloridi, sehemu moja ya chumvi, inabaki wazi, chumvi inamwagikia utumboni, maji yanaifuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Mwaka 1959, huko Calcutta, India, mtafiti S. N. De aliwadunga sungura utumboni majimaji yaliyokwisha kuchujwa bakteria wote, na utumbo ukafurika vilevile. Sumu peke yake ilitosha.

Kwa hiyo dawa ya kufunga tumbo haimsaidii mama huyu. Doksisaiklini tutampa, miligramu 300 mara moja, iue bakteria. Lakini seli iliyokwisha kukwama haiikwamui. Utumbo utaota seli mpya kwa siku chache. Kazi yetu ni kumfikisha huko akiwa hai.

Saa 8:00 mchana. Bibi mmoja kaficha kikombe cha ORS, maji ya chumvi na sukari ya kunywa, cha mjukuu anayeharisha. "Akinywa tu anaharisha, mwanangu."

"Shikamoo bibi. Ataharisha hata asiponywa." Namweleza kwamba upo mlango ambao sumu haijauharibu, unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na maji huingia nazo. Namwonyesha: kijiko, subiri kidogo, kijiko. Akitapika, pumzika dakika kumi, uanze tena. Mtoto anakunywa, na bibi sasa hataki nimshikie kijiko. Namwachia na zinki ya siku kumi.

Saa 12:00 jioni. Nakabidhi zamu. Yule mama amekojoa, nimeandika kwa herufi kubwa, maana figo zimeamka. Ndoo yake bado inajaa. Wa usiku ampimie ORS kila anapoharisha, na dripu isitolewe mapema.