Duara la Chai

"Shangazi, GPA 2.9 inatosha kupata fildi?"

Ujumbe uliingia jana saa nne usiku, pamoja na picha ya matokeo iliyopigwa kwa haraka hadi nusu ya masomo haisomeki. Sijamjibu.

Mimi wastani wangu wa alama, hiyo GPA, ulikuwa 4.2. Mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ilibaki 0.2 tu niguse daraja la kwanza, na sikuacha mtu asijue. Nikatoa nakala 12 za matokeo, kila moja na barua ya utambulisho ya chuo, nikazitia kwenye bahasha za kaki na kuanza kuzunguka kuomba fildi, mafunzo ya vitendo kazini, Posta hadi Barabara ya Nyerere. Peleka masijala. Utapigiwa. Peleka masijala. Mwenzangu wa chumbani, 2.7 na sapu mbili, mitihani ya kurudia, alishaanza kazi wiki iliyotangulia. Baba yake mdogo alipiga simu moja.

Bahasha ya mwisho nilimkabidhi mzee mmoja mkononi, kwa sababu mtu wa masijala alikuwa ameenda kuswali.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

Akaipokea. Mkono wa pili ulishika kikombe cha chai ya rangi, kimejaa pomoni, na meza yote ilikuwa mafaili. Akaangaza huku na huku, kisha akaiweka bahasha juu ya faili na kikombe juu ya bahasha. Chai ikateleza ukingoni taratibu. Nikaitazama kaki ikilowa, duara likikolea, na mimi najua karatasi ilivyokunjwa humo ndani: palepale ndipo ilipo GPA.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba.

"Yule mwalimu wa Njombe?"

"Hapana, wa Singida."

"Aah." Akanywa. Akarudisha kikombe kwenye duara lake. "Kesho njoo na buti."

Nikaenda na buti, wiki nane. Siku ananigongea muhuri kwenye logibuku, daftari la kumbukumbu za fildi, bahasha ilikuwa bado pale, imefungwa, ina maduara kama matano. Kwa nini alinichukua, sijui. Labda alinionea huruma. Labda alimpenda huyo mwalimu wa Njombe.

Sasa barua zinaletwa kwangu. Bahasha 17, nafasi nne. Tatu nimeshazifungua, na zote nilitafuta GPA kabla ya kusoma jina. Ya mtoto wa kaka haimo humo. Yake iko kwenye simu.