Nilivyozoea kumbeba chinchila bila kuogopa meno yake

Kwetu Tanga mtoto hukua akiambiwa kwamba panya huuma huku akipuliza: umelala, anakutafuna kisigino taratibu na kukipulizia usihisi maumivu, asubuhi ndiyo unagundua. Nimekua na hofu hiyo mwilini. Kwa hiyo binti wa kaka yangu hapa Leeds, Uingereza, alipokwenda chuo mji mwingine na kuniachia chinchila wake, mnyama mdogo wa manyoya mengi anayefanana na panya, jike la kijivu aitwaye Jivu, nilikubali kwa mdomo huku mikono ikikataa. Nilimwekea nyasi kavu na maji nikiwa nimevaa glavu nene za kushikia vyungu vya moto, na akiruka tu kutoka rafu moja kwenda nyingine, nafunga mlango wa kizimba.

"Shangazi, hang'ati, mradi usimshtue," mpwa wangu aliniambia kwenye simu.

Wazazi na mashangazi wengi tunaoishi huku tumeachiwa wanyama hawa na watoto waliokwenda kuanza maisha yao. Chinchila akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 20. Glavu haziwezi kuwa mpango wa muda wote huo, na mnyama asiyeshikwa hakuna anayejua anaumwa mpaka hali iwe mbaya. Ikabidi nijue huko kushtuka kwake kunaanzia wapi.

Chinchila asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Yumo katika kundi la wagugunaji, lakini simbilisi ni ndugu yake wa karibu zaidi kuliko panya wa jikoni. Huko kwao hujificha mchana kwenye nyufa za miamba na kutoka jioni, na kati ya wanaomwinda kuna mbweha na bundi. Bundi hutoka juu. Nilipolisoma hilo niliutazama mlango wa kizimba chetu, ambao uko sehemu ya juu, nikaelewa: kila nilipoingiza mkono, kitu kikubwa kilikuwa kinamshukia kichwani.

Kuna adui mwingine pia, na huyu aliniumiza moyo. Koti moja la manyoya ya chinchila lilihitaji ngozi zaidi ya 100, na biashara hiyo ilikaribia kuwamaliza porini. Wengi wa wanaofugwa majumbani leo wametokana na wachache ambao Mmarekani Mathias Chapman aliwapeleka California mwaka 1923, kwa ajili ya ufugaji wa ngozi, na wale wa porini bado wako hatarini kutoweka. Tangu siku hiyo nilipomtazama Jivu akinikodolea macho kutoka kwenye kona, niliona kwamba kati yetu sisi wawili yeye ndiye mwenye sababu nzito zaidi ya kuogopa.

Mkono wangu ukabadili njia. Jioni, saa anayoamka, nilifungua mlango mdogo wa chini, nikalaza kiganja sakafuni mwa kizimba, nikakaa kimya. Kabla ya hapo nilinawa kwa sabuni isiyo na harufu, kwa sababu vidole vyenye harufu ya samaki au maandazi kwake ni chakula. Kwa siku nyingi hakuja. Nilikuwa nazungumza naye Kiswahili tu, habari za kazini, habari za nyumbani, ilimradi aizoee sauti.

Alipokuja, alianza na masharubu. Ni marefu mno kwa mwili wake, na yalipita juu ya kiganja changu kabla pua haijafika. Kisha akaweka mikono yake miwili midogo kwenye kidole changu cha shahada, akakishika hasa, na nikayaona meno. Yalikuwa na rangi ya chungwa. Akakigusa kidole kwa meno, akabana kidogo, akaachia, akabana tena karibu na ukucha. Moyo ulinienda mbio, lakini ngozi haikuchubuka. Sikuvuta mkono.

Mengi ya hofu yangu yaliishia hapo. Chinchila anakijua kitu kwa kukionja. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, ndiyo maana lazima agugune nyasi na vijiti kila siku, na kila kipya hupitishwa kwenye meno kwanza, kidole cha shangazi kikiwemo. Ile rangi ya chungwa nilidhani ni uchafu. Daktari wa wanyama akanieleza kuwa ndiyo afya yenyewe, na kwamba nikiona yanapauka ndipo niwe na wasiwasi.

Kung'ata kwenyewe kuko mwisho kabisa wa orodha yake. Kwanza anakimbia. Akikamatwa kwa nguvu, huachia fungu la manyoya mkononi mwako na kuondoka, na pale palipobaki wazi huchukua wiki kadhaa kuota tena. Akikasirika hubweka, na majike husimama kwa miguu ya nyuma na kukurushia mkojo, tena kwa shabaha nzuri. Mnyama anayetoa ilani zote hizo havizii mtu. Nikimwona Jivu amesimama wima, mwili umekakamaa, natoa mkono polepole na kumwacha mpaka kesho. Kusoma ilani hizo kumenisaidia kuliko ujasiri wowote.

Hatua iliyofuata tuliifanyia bafuni, mlango umefungwa, kifuniko cha choo kimeshushwa, sakafu kavu. Nilikaa chini nimenyoosha miguu, yeye akazunguka. Zawadi ilikuwa punje ya oti kavu, moja moja, nikiiweka katikati ya kiganja kilichonyooka. Usimpe chakula kwa ncha za vidole, wala usipitishe kidole kwenye vyuma vya kizimba: hapo anakuja na meno mbele kwa sababu anadhani kidole ni chakula. Zabibu kavu wengi wanazisifu, ila sukari yake inalivuruga tumbo la mnyama huyu, sizitumii. Baada ya muda akawa anapanda pajani mwenyewe, kisha begani, na kunitekenya sikio kwa meno.

Kumbeba ndiko kulikonipa kazi. Mbavu zake ni dhaifu, hakubali kubanwa. Mkono mmoja unapita chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Wa pili unabeba matako na miguu ya nyuma, kisha unamleta kifuani kwako mara moja. Akikosa pa kukanyaga anahisi anaanguka, na hapo ndipo hutapatapa na kuuma. Nilijifunza hivyo nikiwa nimekaa sakafuni, maana akiruka, asianguke kutoka mbali. Manyoya yake ni laini kama sufi mpya iliyotoka kwenye ganda, nywele 60 au zaidi kwenye kitundu kimoja cha ngozi, na kwa sababu hiyo joto ni hatari kwake. Chumba kikizidi nyuzi 25 simbebi kabisa. Hata siku za baridi, masikio yakianza kuwa mekundu namrudisha, anajigaragaza kwenye vumbi lake laini, ndiko kuoga kwake, tumemaliza.

Siku niliyoumwa kweli, king'ora cha moto cha jengo kililia akiwa mkononi mwangu. Alizamisha meno chini ya kidole gumba. Niliuacha mkono pale pale, kwa sababu ukivuta, ngozi inachanika na yeye anazidi kung'ang'ania. Akaachia, nikamrudisha kizimbani, nikanawa kwa maji ya bomba na sabuni mpaka damu ikakata. Vilibaki vitundu viwili vidogo, na chanjo yangu ya pepopunda ilikuwa bado na muda. Maumivu yalikuwa madogo kuliko yale niliyoyabeba kichwani tangu utotoni. Kesho yake jioni kiganja kilikuwa sakafuni kama kawaida, naye akaja.

Kuna watu wa nyumbani walionitia moyo pasipo wao kujua. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Walezi wao huanza kuwashika wakiwa wachanga, mara tu macho yakifunguka, ili wazoee mikono na sauti za watu. Nilipoona video za vijana wetu wakiwabeba panya wakubwa vile mabegani, niliziweka glavu kabatini. Jivu alinifikia akiwa mtu mzima tayari, ikachukua muda mrefu zaidi, lakini njia ni ile ile.

Sasa kila wiki naweka bakuli juu ya mizani ya jikoni, anaingia mwenyewe kwa punje moja ya oti, na mimi naandika uzito. Yuko kwenye gramu mia tano na ushee. Ukishuka wiki mbili mfululizo nampigia daktari, kwa kuwa meno ya nyuma yakikua vibaya, chakula ndicho cha kwanza kupungua, na kwa macho tu manyoya yake yanaficha mwili unaokonda. Nikiwa nimembeba napapasa taya la chini kama kuna uvimbe, natazama macho kama yana majimaji, natazama nyayo. Kulazwa chali hataki mpaka leo, na simlazimishi. Magego yake huangaliwa na daktari mezani kwake, kwa kifaa chake, mimi nikiwa nimemshikia miguu ya nyuma.