Sungura anachechemea, kumbe ni waya wa banda

Wakuu, huku Uyole, Mbeya, baridi ya mwezi wa 7 si mchezo, mi nikajua sungura wangu anachechemea sababu ya baridi, kumgeuza hivi nakuta nyayo za nyuma manyoya yameisha, ngozi nyekundu. Yaani sungura hana nyama ngumu chini ya mguu kama paka, ni manyoya tu, na mi nimemlaza kwenye waya! Nikaweka ubao na majani makavu, nabadilisha kila siku maana mkojo ndo unazidi kumchoma. Kucha nazo zilikuwa ndefu zinamfanya akanyagie kisigino, nikamulika na tochi ya simu nione mshipa wa damu, nikakata ncha tu. Moja ikatoka damu (nilitetemeka mimi kuliko yeye), nikaibana na unga wa ngano ikakauka. Baada ya wiki 3 hivi manyoya yakaanza kurudi.