Nilivyokaa na walimu wagumu nikijifunza semi-trela

Ukishapata leseni ya daraja E na cheti cha kozi ya magari makubwa, bado hujawa dereva wa semi, yaani lori la kichwa kinachovuta tela. Kwenye yadi za Dar, kuanzia Kurasini mpaka Tabata, wanakuweka kwanza kiti cha pembeni kwa dereva mzoefu. Anakuachia usukani akitaka, anakunyang'anya akitaka, na mwisho yeye ndiye anayeandika kwenye karatasi kama umeiva au bado. Mtu huyu anajua gari, lakini hakuna aliyemfundisha kufundisha. Wewe ni kazi aliyoongezewa juu ya kazi yake, na gari likipata tatizo, jina litakaloulizwa ofisini ni lake. Nililielewa hilo mapema, na ndilo lililonipa uvumilivu.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mzee anayekaribia kustaafu, mtu wa kelele. Kelele zilianza getini na kuendelea Barabara ya Mandela yote: Uhasibu, TAZARA, Buguruni, mpaka tunaingia Ubungo. Anayeijua barabara ile asubuhi, malori yakitoka bandarini na bodaboda zikipenya kila upande, anaelewa kwamba si mahali pa kupigiwa kelele sikioni. "Breki! Breki! Unataka kuniua?" Akishaanza, haishi mpaka Kibaha.

Siku za mwanzo nilikuwa nafika nyumbani nimechoka moyo kuliko mwili. Kaka yangu, ambaye alianza kama utingo zamani, aliniambia jambo moja: usisikilize sauti, sikiliza mahali. Nikanunua daftari dogo. Kila tukisimama, naandika tulikuwa wapi alipopiga kelele, na nini kilikuwa mbele yetu. Haikuchukua muda picha ikajitokeza. Karibu kelele zote zilihusu mambo mawili, nafasi kati yangu na gari la mbele, na kioo cha kushoto. Semi iliyobeba mzigo haisimami kama gari dogo, na upande wa kushoto wa kichwa kuna sehemu ambayo bodaboda akiingia humwoni kabisa. Mzee alikuwa anamwona huyo bodaboda, kwa sababu amekaa upande huo. Matusi niliyatenga, nikabaki na maelekezo. Nikaanza kusema kwa sauti kabla hajasema: "Kushoto kuna bodaboda, namwachia apite." Kelele zikapungua nusu nzima. Nadhani alichotaka muda wote ni kujua kwamba nimeona.

Kurudi nyuma ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Ukiwa na tela, ukitaka nyuma yake iende kushoto, unakata usukani kulia kwanza, halafu unalifuata tela. Akili inakataa kuamini mpaka mikono izoee. Sasa mzee akisimama nje na kupiga kelele "kata, nyoosha, wewe vipi, hapana, kata tena", huku walinzi na wapakiaji wamekusanyika wanatazama, hakuna akili inayofanya kazi. Sikumjibu pale. Nilisubiri tumekaa kwa mama ntilie, ameshakula, nikamwambia: "Mzee wangu, naomba kitu kimoja. Nikiwa narudi nyuma nipe maneno matatu tu, kata, nyoosha, simama. Mengine yote nitayapokea nikishazima injini." Alinitazama, akasema, "Kumbe una mdomo." Lakini kesho yake alifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana yeyote aliye kiti cha pembeni leo: ombi lako lipeleke mezani, si barabarani, na omba kitu kimoja kinachotekelezeka. Ukimwambia mtu mzima "acha kunigombeza" umemshitaki. Ukimwomba maneno matatu umempa kazi.

Kuna kimoja sikukubali kukivumilia. Siku moja pale mizani ya Vigwaza, gari lilikuwa sawa kwa uzito wa jumla, lakini ekseli za tela, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu, zilizidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye mbili za nyuma za kichwa zenye matairi pacha, na 24 kwenye tatu za tela, kwa hiyo mzigo ukikaa vibaya unaweza kukamatwa hata kama jumla haijapita. Mzee akanitukania mama yangu mbele ya watu. Tulipoondoka nikamwambia kwa utulivu, "Shikamoo yangu kwako ni ya kweli, mzee. Kunigombeza una haki. Mama yangu mwache." Hakujibu. Hakurudia tena.

Na mzee huyohuyo ndiye aliyenipa elimu ninayoishi nayo. Tukirudi Dar na mzigo, juu ya mlima Kitonga, kabla ya zile kona za kuteremkia Ruaha Mbuyuni, aliniambia nisimame pembeni. Akasema taratibu, bila kelele hata kidogo, kwamba gia ya kushukia huchaguliwa juu. Ukishaanza kuteremka na gari likashika kasi, gia ukiitoa inaweza kukataa kuingia, ukabaki frii, yaani bila gia, na tani zote zile mgongoni. Breki ya injini ndiyo ifanye kazi kubwa. Ya mguu unaikanyaga kwa uhakika, kasi ikishuka unaachia, breki zipumue. Ukiburuza mguu kwenye pedali mteremko mzima, ngoma za breki zinashika moto, harufu inakuja, na ukikanyaga tena hakuna kitu. Tulishuka polepole mpaka magari ya nyuma yakapiga honi. "Waache," alisema. Siku ile nilimsamehe mengi.

Baadaye nikahamishiwa kwa mwalimu wa pili. Mpole, mcheshi, ananiita mdogo wangu, chai ananinunulia yeye. Na huyo ndiye aliyekuwa hatari. Miteremkoni alikuwa anaachia gari frii ili kubana mafuta, na akanitaka na mimi nifanye hivyo nikiwa kwenye usukani. Kisha akaniletea karatasi nisaini lita za mafuta ambazo sikuona zikiingia kwenye tangi. Nilimwambia tukiwa wawili, maegeshoni Morogoro: "Kaka, gari likiwa mikononi mwangu linashuka na gia. Na lita nitasaini zile nilizoziona." Akacheka. Akasema mimi ni mwoga na karatasi yangu ataiandika anavyojua.

Aliiandika kweli. Hapo daftari likanisaidia kwa mara ya pili, maana nilikuwa nimeendelea kuandika tarehe, mahali na kilichotokea. Nilikwenda kwa meneja wa usafirishaji nikiwa nimepunguza maneno. Sikumwita mtu mwizi, kwa sababu sikuona mafuta yakiuzwa. Nilisema niliyoyaona, nikaomba mambo mawili, kwamba nipimwe na mtu mwingine, na kwamba kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia gari zitazamwe. Kifaa kile kikirekodi kasi pamoja na mizunguko ya injini, hakuna ubishi: gari likishuka mbio huku injini inazunguka kama limesimama, lilikuwa frii.

Kusubiri kule kulikuwa kugumu. Nilikaa bila safari, maana yake bila posho, na baadhi ya madereva pale yadi waliniona msaliti. Mke wangu alibeba nyumba kwa biashara yake ya vitafunwa na hakunilaumu hata mara moja. Nasema hili kwa sababu anayekushauri "nenda karipoti" mara nyingi hasemi utakula nini ukisubiri. Ukiweza, weka akiba kidogo kabla hujafungua mdomo.

Walinipa mpimaji mwingine. Tukaenda mpaka Chalinze na kurudi, akanirudisha rivasi kati ya makontena mawili pale yadi, akanisainia. Yule wa pili aliondolewa kwenye kufundisha, ila bado anaendesha. Tunakutana getini alfajiri, namwamkia kwanza mimi. Siku nyingine anaitikia, siku nyingine haitikii, nami napima upepo wa matairi yangu na kuondoka.