Mafuta ya Uvimbe na Swali la Ami

Ami yangu wa Wete aliporudi kutoka Dar es Salaam, alikofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, kila aliyekuja kumkagua alikuwa na sababu ileile mdomoni: mafuta. Huyu alilaumu tui zito, mwengine bajia na sambusa za magengeni. Ami akanigeukia mimi ninayefanya kazi ya maabara, akauliza, “Mwanangu, ni kweli mafuta ndiyo yaliyonifikisha hapa?” Swali lake lilistahili jibu lenye uangalifu kuliko nililompa siku ile.

Unene uliozidi huongeza hatari ya kupata saratani hii. Hilo halina ubishi. Lakini uvimbe ukishaota huwa na mafuta yake wenyewe. Seli haiwezi kugawanyika bila kujenga utando mpya wa kuizunguka, na utando hujengwa kwa mafuta. Seli nyingi zenye afya huyachukua kutoka kwenye damu, ilhali seli za saratani mara nyingi hujitengenezea, hata kutokana na sukari, kwa kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinachotokana na jeni iitwayo FASN. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuacha nazi na samli kabisa, na uvimbe ukaendelea kujipikia.

Ami alikuwa katika hatua ya pili: uvimbe ulikuwa umeupenya ukuta wa utumbo, lakini haujafika kwenye tezi za limfu, vile vinundu vya kinga ambamo saratani hupitia kusambaa. Hapa ndipo madaktari hutatizika. Wengi wa wagonjwa wa hatua hii hupona kwa kisu peke yake, wachache ugonjwa huwarudia, na kumpa kila mtu dawa za kemo ni kuwatesa wengi wasiozihitaji. Ili kuamua nani apewe, hutazamwa kama utumbo uliziba au kutoboka, na kama tezi zilizochunguzwa zinatosha, yaani hazipungui 12. Mwaka 2015 watafiti wa Madrid walionesha njia nyengine: walipima jeni nne zinazoshughulikia mafuta, ABCA1, ACSL1, AGPAT1 na SCD, wakakuta kwamba wagonjwa wa hatua ya pili ambao jeni hizo zilifanya kazi kwa nguvu zaidi ndani ya uvimbe walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi.

Utafiti unaonifikirisha zaidi ni wa Marekani, wa mwaka 2008, uliofuatilia wagonjwa 647. Kwa jumla, wale ambao uvimbe wao ulikuwa na kimeng'enya cha FASN kwa wingi walikuwa na vifo vichache zaidi vya saratani hiyo; lakini kwa wenye uzito uliozidi mambo yaligeuka, kimeng'enya kilekile kikaambatana na vifo zaidi. Naamini hapa pana jambo kubwa: jeni haisomeki peke yake, bali pamoja na mwili inamokaa. Ami ni mvuvi, mwembamba tangu ujana. Uvimbe wake haukupimwa jeni hizo, kwani kipimo hicho si huduma ya kawaida. Daktari alizitazama tezi, zote zikawa safi, akaamua asimpe kemo.

Kinachoniuma ni kwamba ami alitokwa na damu chooni karibu mwaka mzima, akidhani ni bawasiri na kujitibu kwa majani.

Wiki iliyopita nilikwenda Wete nikamjibu: mafuta ambayo uvimbe ule ulijijengea haukuhitaji kuyasubiri kutoka kwenye chungu cha nyumbani. Mkewe, ambaye tangu upasuaji hajapika kitu chenye nazi na alikuwa akijilaumu kimya kimya, akaja akaketi karibu nami, akaniomba nilirudie jibu lile tangu mwanzo.