Apdeti za seva zitoke sehemu moja, ila zisiende zote kwa mkupuo

Wadau, hili nalisema sana ofisini, leo naliandika kabisa. Kama kampuni ina seva zaidi ya tano hivi na bado mtu anaingia moja moja, anapiga apt upgrade (amri ya kuapdeti programu kwenye seva za Linux), anatoka anahamia nyingine, huo utaratibu uachwe. Kuchosha inachosha kweli, lakini kibaya zaidi hakuna anayejua kwa uhakika ipi imebaki, na wahalifu wanaitafuta hiyo hiyo iliyobaki.

Angalia yaliyowakuta Equifax, kampuni ya kutunza rekodi za mikopo ya watu kule Marekani, mwaka 2017. Pachi (apdeti ya kuziba shimo la usalama) ya Apache Struts, programu ya kujengea mifumo ya wavuti, ilitoka tarehe 7 Machi, ndani ya kampuni zikatumwa barua pepe kwamba kila mwenye mfumo unaotumia Struts aupachi ndani ya masaa 48, skani ya kuitafuta mifumo hiyo nayo ikapigwa, ila mfumo mmoja wa kupokea malalamiko ya wateja haukuonekana kwenye hiyo skani, basi hakuna aliyeugusa, na kuanzia Mei wezi wakawa humo mpaka mwishoni mwa Julai. Taarifa za watu kama milioni 147 zikaondoka. Yaani pachi ilikuwepo na agizo lilikuwepo, kilichokosekana ni orodha kamili ya vitu walivyo navyo na viko wapi.

Ndo maana mimi kabla ya programu yoyote ya kuapdetia nataka orodha. Ukitumia Ansible, programu ya kuendesha seva nyingi kutoka sehemu moja, faili lako la inventori ndo hiyo orodha, zigawe seva kwa makundi, za majaribio, za matumizi ya ndani, za wateja, databesi peke yake, na kila moja iwe na mwenyewe, mtu wa kumpigia simu, na saa ambayo inaruhusiwa kuzimwa.

Bando nalo. Seva thelathini za Ubuntu (aina ya Linux) kila moja ikishusha vifurushi (mafaili ya programu) vile vile kutoka nje ni kuchezea laini bure, weka apt-cacher-ng, programu ya kutunza vifurushi vilivyoshushwa, kwenye mashine moja, kifurushi kinashuka mara moja zingine zinachukua hapo hapo. Kwa matawi ya mikoani weka moja kila tawi.

Sasa kwenye mkupuo. Tarehe 19 Julai 2024, Ijumaa, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, walituma apdeti mbovu kwa wateja wao wa Windows, wakaiondoa saa mbili na dakika 27, muda huo mfupi tu ulitosha kuangusha mashine kama milioni 8.5, ndege zikakwama, hospitali zikakwama. Ile apdeti haikupita kwa awamu. Ingeanza kwa wachache ingegundulika huko huko. Kwenye Ansible neno ni serial, unaiambia iende seva mbili mbili, na max_fail_percentage ili zikianza kufeli isimame yenyewe. Majaribio kwanza, subiri siku moja au mbili, halafu za ndani, za wateja mwisho. Shimo likiwa limeshaanza kutumiwa na wezi punguza huo muda hata uwe masaa, lakini awamu usizifute.

Halafu kuna hili ambalo watu wengi sana wanalipita. Kifurushi kuingia haimaanishi seva imepona! Umeapdeti openssl (programu ya kusimba mawasiliano), vizuri, lakini nginx (programu ya kuendesha tovuti) iliyowashwa miezi iliyopita bado imeshikilia ile ya zamani kwenye memori na itaendelea nayo mpaka uirestati, na keneli (kiini cha mfumo) ndo kabisa, mpya inakaa kwenye diski ikisubiri ributi. Ripoti inasema kijani huku shimo liko wazi. Kwenye Ubuntu angalia kama lipo faili la /var/run/reboot-required, na needrestart itakuonyesha huduma zinazotumia vitu vya zamani. Mimi ripoti isiyo na hivyo viwili siipokei kama ripoti ya apdeti, naiona ni ripoti ya kushusha mafaili.

Windows, pachi zinatoka Jumanne ya pili ya mwezi, huku kwetu inakuwa saa mbili au saa tatu usiku kutegemea Marekani wamesogeza saa au la, kwa hiyo dirisha la kazi ombeni kwa bosi mapema, Jumatano za majaribio ziwe zimeshaanza.

Na hicho kituo chenyewe, yaani mashine inayosambaza apdeti, mkilinde kuliko seva zote, maana anayekishika amezishika zote. Oktoba 2025 WSUS, mfumo wa Microsoft wa kusambaza apdeti za Windows kutoka sehemu moja, ilikutwa na shimo lenye namba CVE-2025-59287, mtu anaendesha kodi yake bila hata nywila, pachi ya kwanza haikuziba vizuri ikabidi Microsoft watoe nyingine ya dharura tarehe 23, na wahalifu hawakuchelewa kuanza kulitumia. Kama mna WSUS, leo hii kaangalieni porti 8530 na 8531 (milango ya mtandao ambayo WSUS inatumia) kama zinaonekana kutoka intaneti, zikionekana zifungeni kwenye fairwoli kwanza ndo muhakikishe ile pachi ya dharura imeingia na mashine imeributiwa.