Fisi Tutafika Alfajiri

Mtaalamu wa mifugo, mgeni, alikuwa anaongea Kiingereza kutoka Arusha. Wafugaji walikuwa wamekusanyika ofisini kwa mtendaji wa kata, wanasikiliza kwa spika kubwa. Mimi mkalimani nilikuwa chumbani kwangu Tabata, laptopu juu ya meza ya kupigia pasi, hedifoni mpya za Bluetooth kichwani. Mada ilikuwa chanjo ya ng'ombe. Nikatafsiri: "Sisi tutafika bomani alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka."

Kimya. Kisha mzee mmoja akaomba maiki. "Mama, hao fisi wakifika tuwafanyeje?"

Walicheka hadi spika ikakoroma. Mimi sikucheka. Nilinunua bando jingine mchana uleule, maana kwetu ugonjwa wowote wa mtandao dawa yake ya kwanza ni bando. Mkutano wa majaribio na rafiki yangu jioni: "Unaongea kama uko ndani ya pipa." Nikahamia barazani. Pipa likanifuata.

Jumapili akaja mtoto wa kaka yangu, anayetengeneza simu Kariakoo. Shikamoo, marahaba, chai, halafu nikamwekea laptopu mbele. Hakugusa mtandao kabisa. Alifungua muziki, akanivalisha hedifoni, akasema, "Shangazi, sikiliza tu." Taarabu ikaja imejaa, fidla na ngoma kila kimoja mahali pake. Muziki ukiendelea, akafungua mkutano kwenye Zoom. Papo hapo taarabu ikawa kama inatoka kwenye redio ya betri zinazokata roho.

"Umeona? Bando halijaguswa."

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki. Njia ya Bluetooth ya kawaida ni nyembamba. Ukisikiliza tu, sauti inakwenda upande mmoja na kujinafasi. Ukiwasha maiki ya hedifoni zilezile, sauti lazima ziende na kurudi, kwa hiyo kifaa kinahamia hali ya simu. Hapo sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, au 16,000 kama hedifoni na kompyuta vyote vinaweza. CD ya muziki ni 44,100. Kwenye 8,000, chochote kinachotetema zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde hakipiti, na makali ya herufi "s" yanakaa huko juu. Yakikatwa, "s" na "f" huwa mapacha. Ndiyo maana fisi.

Tiba yake ni ya bure: sikiliza kwa hedifoni, ongea kwa maiki ya laptopu. Kwenye Zoom bonyeza mshale mdogo kando ya alama ya maiki. Kwenye Google Meet ingia kwenye mipangilio ya sauti. Kompyuta yangu ni ya Windows 10, nayo iliziorodhesha hedifoni zile zile mara mbili: jina moja lina neno "Stereo", jingine "Hands-Free". Spika nikachagua la Stereo, maiki nikachagua ya laptopu yenyewe. Usiache chaguo la "Same as System" (sawa na mfumo), maana kompyuta ikibadili mawazo, mkutano nao unafuata. Na kama kuna programu nyingine nyuma imeshikilia maiki ya hedifoni, utarudi pipani bila kujua nani kakurudisha. Zifunge zote.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo lilinitia aibu zaidi. Katikati ya mkutano mwingine sauti ilikatika kabisa masikioni. Nikagusa kila kitu, hadi waya wa chaji. Kumbe simu yangu ilikuwa pochini, imeunganishwa na hedifoni zilezile, na mama alikuwa anapiga kuuliza kama nimepata dagaa. Hedifoni zikamkimbilia mama. Siku hizi kabla ya kazi nazima Bluetooth ya simu, na mama anajua saa zangu.

Ruta yangu nimeihamishia kwenye masafa ya 5 GHz, kwa sababu Bluetooth inaishi kwenye masafa ya 2.4 GHz pamoja na Wi-Fi za majirani wote wa ghorofa yetu. Imesaidia kidogo. Kwa asiye na ruta ya namna hiyo, asihangaike.

Kwa kazi ya ukalimani hasa, mwishowe nimenunua hedifoni za waya za USB. Mtoto wa kaka alizitazama kama vile nimemwonyesha kaseti. Lakini waya hauchelewi, hauishiwi chaji, na haupokei simu za dagaa. Zile za Bluetooth nabaki nazo kwa taarabu, kazi ambayo kwa kweli zinaiweza.

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha pili na wafugaji. Nilijaribu sauti mara tatu kabla, kwenye zoom.us/test. Nikaingia, nikasalimia. Yule mzee akasogea karibu na maiki.

"Mama, karibu. Leo wanakuja nani?"